Jumapili ya Maturubai

Mteja wetu alitupa jibu kabla hatujapata hata pa kukaa.

"Nataka treni ya kupinduka kichwa chini," alisema Mwenyekiti Liao Wan-fu, akisukuma mlango wa ofisi yake kwa bega, mkono mmoja umeshika birika na mwingine trei ya vikombe. "Ile ya Japani, inayomzungusha mtu mpaka anasahau jina lake. Kazi yenu nyinyi ni ndogo tu. Niambieni niijenge upande wa bwawa au upande wa mlima. Haya, karibuni chai."

Tulitazamana. Huyu ndiye aliyekuwa mteja wetu wa kwanza wa kweli. Muhula mzima uliotangulia, pale chuo cha biashara Taichung, tulikuwa tumejifunza ushauri wa biashara kwa kusoma visa vya kampuni za watu, ambako jibu liko kurasa za nyuma likikusubiri. Muhula wa pili Mwalimu Tung alisema basi, vitabu vimetosha. Akatugawa katika timu, na kila timu ikapewa kampuni yenye shida inayouma leo. Sisi tukaangukia Bonde la Sungura, bustani ya michezo iliyoko kwenye vilima vya Miaoli, ambamo kila mtoto wa upande wetu wa kisiwa amewahi kucheka, kulia na kutapika siku moja.

Mimi naitwa Tsou Pei-chun. Nilikuwa mhasibu wa kiwanda cha skrubu kule Gangshan kwa muda mrefu hadi nikaanza kuziota hizo skrubu, ndipo nikarudi shule. Mwenzangu Ho Bing-yan alikuwa ameuza bima, na alikuwa na ulimi wa kumuuzia samaki mwavuli. Wa tatu wetu alikuwa Yeh Jui-hsiang, mhandisi wa mashine, msichana mpole asiyefungua mdomo mpaka awe na hakika.

Mwenyekiti nilimpenda siku ileile. Alikuwa na umri wa kustaafu, lakini alipoieleza treni yake alisimama juu ya kiti kutuonyesha inavyopanda, akashuka kwa kuruka. Kwenye ukuta alikuwa amebandika picha ya treni hiyo, kubwa kama pazia. Binti yake, Chiu-ping, ambaye ndiye anayeendesha shughuli za kila siku, alisimama dirishani na simu ya upepo mkononi. Baba yake alipotoka kupokea simu, alitugeukia.

"Wageni wanapungua kila mwaka," alisema kwa sauti ya chini. "Benki imekubali kutukopesha. Baba anaamini treni itawarudisha watu. Mimi sijui. Kama nyinyi mnajua, semeni sasa, msisubiri ijengwe."

Njiani kurudi, Bing-yan alikuwa na furaha ya mtu aliyekwisha faulu. "Dada Pei-chun, hii nyepesi! Upande wa mlima. Mandhari nzuri, slaidi za rangi, tumemaliza."

Mwalimu Tung hakufurahi hivyo. Kabla ya kufundisha alikuwa ameshauri makampuni makubwa nusu ya maisha yake, na alikuwa na tabia ya kusikiliza huku amefumba macho, mpaka unadhani kalala.

"Mteja kawaambia anataka nini," alisema. "Hajawaambia anaumwa wapi. Mgonjwa akiingia akasema nipe kidonge chekundu, nyinyi mnauliza kidonge kikubwa au kidogo? Rudini. Mkamtazame mgonjwa."

Tukarudi. Tulisimama getini na madodoso yetu, tukiwauliza wanaotoka. Jambo moja lilionekana upesi: familia zilikuwa zinaingia asubuhi kwa wingi, na mapema mchana zinaanza kumiminika nje, kabla ya kula na kabla ya kununua lolote. Lakini tulipouliza kwa nini, jibu lilikuwa moja kama wimbo wa taifa. Mtoto amechoka. Mtoto amechoka. Mtoto amechoka.

"Sasa unamshauri nini mtu ambaye wateja wake wamechoka?" Bing-yan alilalamika. "Auze vitanda?"

Jumamosi iliyofuata niliamua kwenda kama mgeni. Nilimchukua dada yangu, binti yake mdogo Mi-mi, na Ama, mama yake mama yetu, aliyekubali kuja kwa sharti kwamba jioni awe amerudi kwenye meza yake ya mahjong, ule mchezo wa vigae wa watu wanne. Jui-hsiang nilimwacha getini na madodoso.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Mi-mi alipanda farasi wa kuzunguka, akapanda vikombe vinavyozunguka, akanywa chai ya maziwa yenye vidonge vya muhogo, akataka kupanda tena vyote. Mchana jua likasimama juu yetu. Nilipomtafuta Ama nilimkuta ameketi kwenye ukingo wa saruji kando ya vyoo, penye kivuli chembamba kama utepe. Hakuwa peke yake. Mabibi na mababu walikuwa wamejipanga pale mstari mzima, kila mmoja anachunga mikoba ya familia yake, magoti yamekusanywa ili vidole vya miguu visitoke juani.

"Ama, unaionaje bustani?"

"Naona vyoo," alisema Ama. "Nimekaa hapa tangu saa ile, naona vyoo. Vizuri sana. Wanavisafisha."

"Unataka twende nyumbani?"

"Mimi? Nimharibie mtoto siku yake? Bakini, bakini. Mimi nitakufa hapa polepole, wala msijali."

Dada yangu aliyasikia hayo, akaanza kukusanya mikoba. Tukafika getini. Jui-hsiang, kama tulivyopanga, akamuuliza swali lilelile analowauliza wote: mbona mnaondoka mapema?

Dada yangu hakupepesa jicho. "Mtoto amechoka," alisema.

Mtoto mwenyewe wakati huo alikuwa ameng'ang'ania uzio kwa mikono miwili, anapiga kelele kama king'ora cha zima moto, kwamba hajapanda meli ya bembea, hatoki, haendi popote.

Nilisimama palepale. Niliwatazama waliokuwa nyuma yetu. Familia nyingine, bibi mwingine aliyejifunika taulo kichwani, na mtoto mwingine anayeburutwa huku analia. Nyuma yao vilevile.

"Jui-hsiang," nilimwambia, "acha karatasi. Watazame watoto. Yuko hata mmoja aliyechoka?"

Aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Hakuna," alisema. Kisha macho yake yakapanda kutoka kwa watoto kwenda kwa wazee waliofuatana nao. "Waliochoka ni wale."

"Na nani atasimama mbele ya mama mkwe wake aseme, huyu ndiye aliyechoka?"

Jui-hsiang aliziba mdomo. Mimi nilimshika mabega nikamtikisa, tukarukaruka pale getini kama walioshinda bahati nasibu.

"Huyu naye amepigwa na jua," Ama alimwambia dada yangu. "Twendeni kabla hajavua nguo."

Jumatatu tulimsimulia Mwalimu Tung, wote watatu kwa pamoja, tukikatizana. Alisikiliza na macho yake yaliyofumbwa. Tulipomaliza akayafumbua.

"Hadithi tamu," alisema. "Nimeipenda. Ila mnakwenda kumwambia mtu aache ndoto yake kwa sababu ya vilio vya watoto wa getini? Thibitisheni. Na msifanye kwa siri. Mwambieni mwenyewe mnachotaka kujaribu, usoni."

Tulikwenda kumwambia usoni. Bing-yan ndiye aliyesema kwamba tunataka kuwawekea wazee viti na kivuli, kwa sababu ndiye mwenye ulimi, na hata hivyo sauti ilimkauka katikati. Mwenyekiti Liao alicheka mpaka akakohoa.

"Watu waje bustani ya michezo kukaa? Kukaa si wanakaa kwao?"

"Tupe Jumapili moja tu, Mwenyekiti."

"Mkishindwa?"

"Tukishindwa," Bing-yan alisema kabla hatujamzuia, "tutakuandikia ripoti ya treni iliyo nzuri kuliko zote ulizowahi kusoma, na mimi nitapanda wa kwanza."

Mwenyekiti alipiga meza kwa kiganja. "Jumapili moja! Binti yangu awape mnachotaka."

Siku zilizofuata sijui zilikwenda wapi. Nilikuwa naamka na mawazo yamenitangulia. Jui-hsiang alizunguka bustani yote akipima jua linakopita, akachagua uwanja ulio kati ya farasi wa kuzunguka na meli ya bembea. "Mtu akikaa hapa anamwona mjukuu wake," alieleza, "na mjukuu anamwona yeye. Hakuna anayehitaji kumtafuta mwenzake." Bing-yan alimpata mwenye maturubai, yale ya mistari myekundu, bluu na myeupe yanayofungwa barabarani kwenye karamu za hekalu, akamshawishi ayalete kwa malipo ya kuandikwa jina lake kwenye bango. Chiu-ping alitoa viti vyenye egemeo, feni kubwa za karakana, na mapipa ya chai baridi. Mimi kazi yangu ilikuwa kupanga jinsi ya kupima. Maegesho ya magari yanaonekana yote kutoka juu ya gurudumu kubwa. Basi, Jumapili ya kwanza, bila maturubai, Jui-hsiang alipanda mara kwa mara akayapiga picha magari yanavyopungua. Jumapili ya pili, yenye maturubai, angepiga tena. Tulichoomba ni hali ya hewa ifanane tu, na ikafanana: jua kali, bila wingu.

Jumapili yetu ilipofika nilifika kabla geti halijafunguliwa. Maturubai yalikuwa yamesimama, feni zinavuma, viti vimepangwa, meza za mahjong ziko tayari, na Bing-yan amefunga mashine ya karaoke kwa hiari yake. Familia zikaanza kuingia. Wazee wakapita. Wakatazama viti, wakapita. Wakaenda kujipanga kule kwenye ukingo wa vyoo.

"Kwa nini hawakai?" Bing-yan alinong'ona. Jasho lilikuwa linamtiririka. "Dada, kwa nini hawakai? Bure! Bango nimeliandika 'bure'!"

Nilimgeukia Ama, niliyekuwa nimemleta pamoja na mashoga zake wawili. "Ama, mbona watu hawaji?"

"Viti vitupu hivyo, na mapambo ya karamu," alisema Ama. "Wanadhani ni arusi ya mtu. Nani anavamia arusi asiyoalikwa?"

"Tufanyeje sasa?"

Ama aliniangalia kwa huruma. Akawakalisha mashoga zake kwenye meza iliyo mbele kabisa, akamwaga vigae vya mahjong juu yake kwa kishindo, akaanza kuvikoroga kwa mikono miwili. Kisha akapaza sauti kwa Kitaiwani, sauti ile ya kuitia watu sokoni: "Tuko watatu! Tunakosa wa nne! Nani ana mikono hapa?"

Kule ukingoni vichwa viligeuka vyote kwa pamoja. Babu mmoja aliyevaa fulana ya benki aliinuka, akaacha mikoba ya familia yake palepale, akaja mbio kama kijana. Mkewe akamfuata kumgombeza, akaona feni, akakaa. Meza ya pili ikapata watu, kisha ya tatu. Bibi mmoja alileta kiti chake karibu na uzio ili ampungie mkono mjukuu kwenye farasi. Bing-yan akawasha karaoke, na polisi mmoja mstaafu akashika kipaza sauti, hakukiachia tena.

"Babu, wimbo mmoja mmoja jamani!"

"Huu ni uleule! Una sehemu tatu!"

Mchana ukaingia, ile saa ambayo watu humiminika. Mimi nilikuwa nimeshika simu kama mtu anayesubiri habari za uzazi. Ikalia. Jui-hsiang alikuwa juu ya gurudumu.

"Dada," alisema.

"Sema!"

"Magari yapo."

"Yapo vipi?"

"Yapo tu! Hayajaondoka! Jumapili iliyopita saa hizi uwanja ulikuwa na mabaka matupu, leo umejaa, kuna watu wanazunguka wanatafuta nafasi!" Nikasikia kishindo cha miguu, kisha sauti ya Jui-hsiang, yule mpole wetu, ikipiga yowe ambalo nililisikia kwenye simu na pia kwa masikio yangu, likitoka angani.

Kuanzia hapo mambo yakatukimbia. Banda la soseji liliishiwa. Chiu-ping alipita mbio akiita kwenye simu yake ya upepo kwamba wali uletwe, wowote, hata wa dukani. Foleni ya meli ya bembea ilizunguka mara mbili, na watoto waliokuwa wakishuka walikimbilia chini ya turubai, wakanywa chai ya bibi zao, wakatoka mbio kujipanga tena. Akina baba na mama walikuwa wanapanda michezo wenyewe, wawili wawili, wameshikana mikono. Hilo hatukuwa tumelitarajia hata kidogo. Mzee akitulia penye kivuli na mtoto anaonekana, baba na mama wanabaki huru, na wao pia wana pesa mfukoni.

Mwenyekiti Liao alikuja peke yake, mikono nyuma, amevaa kofia ya majani. Alisimama pembeni ya turubai akitazama. Nilitaka kumwendea, lakini Ama alikuwa amekwisha mwona.

"Wewe mwenye kofia! Unajua kucheza? Kaa hapa, huyu anakwenda chooni."

Mwenyekiti alikaa. Nilijificha nyuma ya feni. Alicheza, akaliwa, akacheza tena, akaliwa tena.

"Wewe unafanya kazi gani?" Ama alimuuliza bila kuinua macho kwenye vigae.

"Nafanya kazi hapahapa."

"Basi waambie wakubwa zako upande huu feni haifiki."

"Nitawaambia," alisema Mwenyekiti.

Siku ya kuwasilisha tulivaa suti. Mwalimu Tung aliketi mwisho wa meza, na upande wa pili walikaa Mwenyekiti, Chiu-ping, na mtu wa fedha wa kampuni. Picha ya treni ilikuwa bado ukutani. Jui-hsiang alikuwa ameziweka picha zake za maegesho kwenye skrini, bega kwa bega, Jumapili mbili, na Bing-yan alikuwa ndiyo kwanza amefungua mdomo, Mwenyekiti akainua mkono.

"Zima hiyo. Mimi nilikuwepo, na magari nimeyaona. Nina swali moja tu." Alitazama meza. "Nisipojenga treni, nitakuwa nimefanya biashara, au nitakuwa nimezeeka tu?"

Hilo halikuwa kwenye slaidi yoyote. Bing-yan alinitazama. Jui-hsiang alinitazama. Hata Mwalimu Tung alikuwa amefumbua macho. Sijui niseme vipi, lakini sikuogopa. Nilijua ninachojua.

"Mwenyekiti," nilisema, "treni ni nzuri. Vijana watakuja, watapiga picha, watapiga mayowe. Mwaka unaofuata mwingine atajenga iliyo ndefu zaidi, na vijana watakwenda huko. Lakini anayeamua familia itoke saa ngapi, na kama itarudi, huyo hapandi treni. Sisi hatusemi usiijenge kamwe. Tunasema usiijenge mwaka huu, kwa mkopo ule, kwa sababu haitibu kinachokuuma."

Mwenyekiti alimgeukia binti yake.

"Chiu-ping, wewe ulijua?"

"Nilihisi, Baba. Kuhisi hakutoshi kubishana na wewe."

Aliinuka, akaenda ukutani, akasimama mbele ya picha ya treni. "Nilishachagua rangi," alisema. "Nyekundu." Kisha akabandua pini moja baada ya nyingine, akaikunja ile picha taratibu, akampa mtu wa fedha. "Iweke vizuri, usiitupe. Halafu ipigie simu benki, waambie wasubiri."

Bing-yan alinifinya mkono chini ya meza hadi nikaumia.

"Sasa," Mwenyekiti alisema, na ghafla alikuwa yuleyule mtu wa kuruka kutoka kwenye viti, "mmekaa bustanini kwangu miezi hii yote mkitazama. Nani kati yenu amepanda meli yangu ya bembea?"

Hakuna.

"Aibu! Washauri gani nyinyi? Inukeni. Na wewe, Mwalimu."

"Mimi nina mgongo," alisema Mwalimu Tung.

"Kila mtu ana mgongo. Twende."

Tulipanda tukiwa na suti zetu, wote, na Chiu-ping mwenyewe akafunga vyuma vya kutuzuia tusianguke, akicheka. Meli ilianza polepole. Ilipopanda mara ya tatu Mwalimu Tung alikuwa amenikamata bega kwa mikono miwili, anaita jina la mkewe. Bustani nzima ililala chini yetu, ule uwanja wa turubai, bwawa, mlima, kisha ikapinduka ikawa mbingu. Mwenyekiti alikuwa kiti cha mbele, kofia ameikalia, na amejigeuza kutuelekea sisi, anapaza sauti juu ya upepo.

"Na mvua je? Ikinyesha, nitawaweka wapi wote wale?"

Tumbo lilinibaki juu, mimi nikashuka. Na hapo hapo tulianza kumjibu, wote watatu kwa mpigo, kila mmoja na lake, tukikatizana na kupiga mayowe, naye akitupigia kelele kwamba tuongeze sauti, hasikii.